Mwekundu wa Hombolo: Msiumalize Leo!

Kama una chupa ya mwekundu mkavu wa Dodoma kabatini, usiifungue kabla hujamaliza kusoma hapa. Nimeonja kitu Hombolo, hapa hapa Dodoma! Ni mvinyo mchanga wa zabibu za Aglianico, ile zabibu nyeusi ya kusini mwa Italia, safari hii imelimwa kwenye kichanga chetu na chini ya jua letu, ikavunwa Agosti mwaka jana, ikachachishwa pamoja na maganda yake, na sasa imetulia tangini ikisubiri chupa. Fundi wa kiwanda alifungua koki, akanijazia chupa isiyo na lebo, akaniambia, “Kaka, huu usiuhukumu leo.” Nimeuhukumu. Ni mvinyo wa kwanza wa nyumbani ulionifanya nitamani kuchimba chumba chini ya ardhi kwa ajili yake tu. Jina la chupa ameniomba nisilitaje hadi itakapotoka, nami nitalitunza. Utamu wake siwezi kuutunza.

Nianze na rangi, maana rangi peke yake ingetosha kunirudisha Hombolo. Niliinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe yenye maandishi. Katikati ni wekundu mzito unaokaribia weusi, maandishi ya chini hayasomeki kabisa. Pembezoni unageuka zambarau inayong'aa, dalili ya mvinyo ambao haujatimiza hata miaka miwili. Mvinyo mwekundu ukikua, ukingo huo hubadilika: zambarau hufifia, inakuja rangi ya tofali, na mwishowe kahawia. Huu hauna hata chembe ya tofali. Safari yake ndiyo kwanza inaanza.

Nikaupeleka puani. Mara ya kwanza ulikuwa bahili, haukutoa zaidi ya harufu ya zambarau zilizoiva hadi kupasuka. Nikaizungusha glasi, nikasubiri, nikanusa tena, na hapo mambo yakafunguka. Pilipili manga. Moshi wa kuni kavu. Ukwaju uliolowekwa. Na nyuma ya yote hayo, harufu ya ardhi ya Novemba pale matone ya kwanza yanapoangukia vumbi jekundu, harufu ambayo kila mtu aliyekulia uwanda huu wa kati anaijua. Nilikaa na pua ndani ya glasi hadi wenzangu mezani wakaanza kuulizana kama nimepatwa na jambo.

Kisha mdomoni. Ukakasi! Hapo ndipo penye habari yenyewe. Mvinyo uligusa ulimi kwa uchachu mkali, safi, unaotoa mate. Ukapanda kwenye fizi na kuzikaza kila upande. Ukakaa hapo hapo, na hata baada ya kumeza ladha ya moshi na ukwaju haikuondoka. Wengi wakikutana na ukakasi wa namna hii husema mvinyo umeharibika, au ni mchungu, au unahitaji sukari. Hapana jamani! Ukakasi huo ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ukiuona umekaa pamoja na uchachu na tunda la kutosha, ujue uko mbele ya mvinyo wenye mifupa ya kuishi miaka. Tanini na uchachu ndivyo vinavyoulinda mvinyo mwekundu usizeeke vibaya. Tunda ndilo litakalobaki kusimulia wakati ukakasi umelainika. Chupa hii ina vyote vitatu, na vyote kwa wingi.

Sikutaka kuuamini ulimi wangu peke yake. Rafiki yangu anayesoma Roma alikuwa ameniletea chupa niliyoitunza kwa siku maalumu: Taurasi ya mwaka 2016 kutoka nyumba ya mvinyo ya Mastroberardino. Siku maalumu ilikuwa imefika. Taurasi ni mvinyo wa Aglianico wa milima ya mkoa wa Avellino, mashariki mwa Napoli, na tangu 1993 una hadhi ya DOCG, daraja la juu kabisa katika sheria za mvinyo za Italia. Sheria yenyewe inadai angalau asilimia 85 ya zabibu iwe Aglianico, na haimruhusu mtengenezaji kuuza kabla ya miaka mitatu, mwaka mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Yaani Waitalia wameweka subira ndani ya sheria! Nyumba hiyo ya Mastroberardino ilianza 1878, na chupa zake za mwaka 1968 bado zinatajwa kwa heshima na wanywaji wa dunia nzima, zaidi ya nusu karne baadaye.

Niliimimina ndani ya jagi la kioo saa mbili kabla ya kunywa, ipate hewa. Halafu nikaziweka glasi mbili pamoja, mtoto wa Hombolo na dada yake mkubwa wa Taurasi. Ee bwana! Undugu ulionekana palepale. Taurasi ina ukingo wa tofali. Ina harufu ya tumbaku, ngozi ya kiatu kipya, majivu, maua makavu, mambo ambayo Hombolo bado haijayafikia. Ukakasi wake umepungua makali, unapita kwenye fizi kwa ustaarabu na kuacha ladha ndefu isiyotaka kuisha. Lakini uti wa mgongo ni uleule: uchachu uleule wa kutoa mate, moshi uleule, uzito uleule katikati ya ulimi. Ukiwa na glasi hizo mbili mbele yako, huhitaji nabii kukuambia mtoto anaelekea wapi.

Sisemi Hombolo imeifikia Taurasi. Haijafika. Mvinyo wetu una joto kidogo kooni, kileo kinajitokeza mapema kuliko kinavyopaswa, na mwisho wake una kona moja ya uchungu ambayo pipa zuri lingeilainisha. Ninachosema ni kwamba tuko kwenye barabara ileile, na sikuwahi kudhani ningeandika sentensi hiyo kuhusu mvinyo wa Dodoma.

Kwa nini imewezekana hapa? Tazameni mahali penyewe. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo vitabu vya zamani vya mvinyo vingesema mzabibu hauna kazi. Ila mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linawaka bila huruma. Usiku, hasa kati ya Juni na Agosti, unatafuta blanketi. Tofauti hiyo ya mchana na usiku ndiyo siri. Jua la mchana linatengeneza sukari na rangi ndani ya tunda, baridi ya usiku inazuia uchachu usiungue wote. Mvua kwa mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu zinafunga. Kwa mkulima wa mtama hiyo ni dhiki. Kwa mzabibu ni baraka, kwa kuwa ubwiri na kuoza kwa vichala hupenda unyevu.

Na Aglianico inafaa hapa kwa sababu yake mahususi. Ni zabibu inayochelewa kuiva. Kwao huvunwa Oktoba, pengine hadi Novemba, wenzake wengi wakiwa wameshaingia tangini. Zabibu nyingine zikipigwa na joto hupoteza uchachu upesi, mvinyo unatoka mzito na mlegevu. Aglianico hung'ang'ania uchachu wake hata kwenye joto. Ndiyo maana wanaipenda kule Campania na Basilicata, kwenye majira ya kiangazi yanayochoma, na ndiyo maana ninaamini kwamba nyumba yake ya pili ni uwanda huu wa mibuyu na mawe makubwa ya itale.

Waitalia si wageni wa juzi katika habari hii. Mapadre Wapasionisti kutoka Italia walifika Dodoma miaka ya 1930, na miaka ya 1950 mizabibu ilishaota kwenye misheni ya Bihawana, nje ya mji. Misa inahitaji divai, na sheria ya Kanisa inataka divai ya zabibu halisi isiyochanganywa na vitu vingine. Kuiagiza kila mara kutoka ng'ambo ni gharama, kuipanda ni busara. Kutoka mashamba ya misheni mizabibu ikasambaa vijijini. Serikali ya Mwalimu ikalipa zao hili msukumo, ikaja kampuni ya umma ya DOWICO, na huko Makutupora kituo cha utafiti kikazaa jina ambalo kila mkulima analijua, Makutupora nyekundu, zabibu ambayo hadi leo inabeba sehemu kubwa ya mvinyo wetu mwekundu. Kituo hicho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaja Mwitaliano mwingine, safari hii mfanyabiashara, Fiorenzo Chesini, na kampuni ya Cetawico ikajenga kiwanda hapo Hombolo. Ndipo majina mapya yakaanza kusikika mashambani: Aglianico, Teroldego, Marzemino. Hizo mbili za mwisho ni za Trentino, kaskazini kabisa mwa Italia chini ya milima ya Alps. Marzemino ni zabibu yenye bahati ya kutajwa jukwaani katika opera ya Mozart, Don Giovanni, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Praha mwaka 1787, na leo majani yake yanapigwa na upepo wa Ugogoni! Mimi habari hiyo hunisisimua kila nikiiwaza. Teroldego ya hapa niliionja pia siku ileile, kwa haraka. Ina rangi ya kutisha kwa uzuri, na ni laini, yenye tunda la mbele. Inywe changa, ni furaha tupu. Lakini haina mifupa ya Aglianico, kwa hiyo siipeleki ghalani.

Sasa nizungumze na wanywaji wenzangu wa hapa kwetu, kwa upendo. Tumelelewa na dompo. Tumelelewa na Imagi, chupa yenye jina la mlima wa hapa hapa mjini. Dompo ni tamu, ina nguvu, inachangamsha harusi, na siitupi. Mtu akinikaribisha nitakunywa na kushukuru. Ila utamu umetufundisha kuuliza swali moja tu tunapoonja, kama mvinyo ni mtamu au si mtamu, na kwa swali hilo mwekundu mkavu utashindwa kila siku. Uliza maswali mengine. Je, unatoa mate? Je, fizi zinakazwa? Ladha inakaa muda gani baada ya kumeza? Harufu imebadilika tangu glasi imiminwe? Mvinyo unaojibu vizuri maswali hayo unastahili kupewa muda, na muda ndio tunaounyima mvinyo wa Dodoma. Kiwanda kinataka fedha zake zirudi, muuza duka anataka rafu yake, mkulima anadai malipo ya zabibu. Mchuzi wa zabibu unatoka tangini, unaingia chupani, unaingia kooni. Nani amewahi kuonja mwekundu mkavu wa Dodoma wenye miaka minane? Ningesafiri hata hadi Kigoma kumfuata.

Lipo pia jambo la lebo, na hapa nina ombi zito kwa watengenezaji. Italia mizabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye chupa unatosha. Dodoma mzabibu haulali. Mkulima akipogolea matawi, mzabibu unaanza upya, na kwa mwaka mmoja anavuna mara mbili: mara moja mvua zikiwa zinaelekea mwisho, Machi na Aprili, na mara nyingine katikati ya ukavu, Agosti na Septemba. Hayo ni matunda mawili tofauti kabisa! La masika limekua kwenye unyevu na mawingu. La Agosti limeiva polepole kwenye mchana mkavu na usiku wa baridi, maganda mazito, ukakasi mwingi. Mvinyo ninaousifu hapa ni wa Agosti, na nina hakika nusu ya ubora wake imetokana na mwezi huo. Kwa hiyo, wenye viwanda, tafadhali: andikeni mwezi wa mavuno. Andikeni na aina ya zabibu. Mnunuzi akisoma “Aglianico, Agosti” ataijua chupa ya kulaza.

Na kulaza kwenyewe? Hapa nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu jibu liko mlangoni kwetu.

Mvinyo unaotunzwa miaka mingi unapenda nyuzi joto 12 hadi 14, giza, utulivu na hewa yenye unyevu wa wastani. Ndani ya chupa, rangi na tanini hushikana polepole, zinakuwa nyuzi ndefu, nyingine zinakuwa nzito mno na kutuama chini kama mashapo. Ndivyo ukakasi unavyolainika na rangi inavyoelekea tofali. Joto huharakisha kazi hiyo yote. Likizidi kipimo, mvinyo unapikwa, tunda linakufa kabla ukakasi haujalainika, nawe unabaki na kimiminika cha kahawia chenye ladha ya jamu iliyoungua. Kibaya zaidi ni joto la kupanda na kushuka kila siku, maana mvinyo hutanuka na kusinyaa, kizibo kinalegea, hewa inaingia. Nyumba nyingi za Dodoma mjini, zile za matofali ya saruji na bati juu, hupanda na kushuka joto hivyo kila siku ya Mungu kati ya Oktoba na Desemba. Chupa iliyokaa juu ya kabati la sebule miezi hiyo, mimi siinunui hata kwa nusu bei.

Lakini babu zetu wa Kigogo walijenga tembe! Kuta nene za udongo, paa tambarare la miti lililofunikwa nyasi na udongo wa kutosha, milango mifupi, madirisha hakuna au ni tundu tu. Ingia ndani ya tembe saa nane mchana mwezi wa Novemba, ukitokea kwenye jua. Ngozi yako itakuambia. Tembe nyingi ziliachwa wakati wa kuhamia vijijini, Operesheni Dodoma ya 1971 na baada yake, lakini bado ziko familia zenye tembe iliyosimama, na niliomba ruhusa kuweka kipimajoto ndani ya moja, kwa mama mmoja wa upande wa Mvumi. Mchana na usiku mshale haukusogea zaidi ya nyuzi chache. Yule mama akaniuliza, “Mwanangu, umeweka kipimo cha homa ya nyumba?” Nikamweleza nataka kulaza mvinyo. Akanionesha kona alikokuwa akihifadhi vilindo vya nafaka, akasema, “Hapo hapaingii joto, wala hapaingii mwizi.”

Kwa mwenye uwezo, mseto mzuri ni huu: chimba mita mbili au zaidi kwenda chini, jenga kuta, halafu funika juu kwa paa la tembe. Kwenye kina hicho udongo hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima la mahali, na kwa Dodoma wastani huo ni kama nyuzi 22 au 23. Naam, si nyuzi 13 za mapango ya Italia. Lakini ni joto lililotulia, na utulivu una thamani kuliko ubaridi wa kuja na kuondoka. Matokeo yake ni kwamba mvinyo utakua upesi zaidi: chupa ambayo ingehitaji miaka kumi kule Avellino, hapa ningeifungua baada ya minne au mitano. Mimi naiona hiyo ni zawadi. Nani hataki kuona matunda ya subira yake akiwa bado na meno?

Asiye na kiwanja cha kuchimba asikate tamaa. Friji ndogo ya mtumba iliyofungwa kidhibiti joto, ikawekwa nyuzi 14, inatosha chupa kadhaa. Friji ya kawaida ya chakula ni baridi mno na kavu mno kwa miaka, ingawa kwa miezi michache inakubalika. Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe, mvinyo uguse kizibo kisikauke, maana hewa ya Dodoma kati ya Juni na Novemba inakausha kila kitu. Weka beseni la maji chumbani humo, au mchanga mbichi sakafuni. Usitikise, usihamishehamishe, wala usiweke karibu na jenereta. Na ukinunua Hombolo, tafadhali, usiiache chupa ndani ya gari wakati unapita Msalato kula nyama. Buti la gari lililoegeshwa juani linaweza kumaliza ndani ya saa chache kazi ambayo jua lilianza shambani na fundi akaimalizia tangini.

Ila ukifika Msalato, kula! Maana nimefika kwenye chakula, na hapa mwekundu huu ulinimaliza kabisa. Tulikuwa na mguu wa mbuzi uliochomwa taratibu, mafuta yakidondokea makaa, chumvi na ndimu pembeni, ugali wa uwele. Ule ukakasi uliokuwa unakaza fizi ukakutana na mafuta na nyama, ukalainika palepale mdomoni. Uchachu ukasafisha ulimi. Moshi wa mvinyo ukaukumbatia moshi wa makaa. Kipande, fundo, kipande, fundo. Hata wale wenzangu waliokuwa wakiuita mchungu wakaanza kusogeza glasi zao. Mlenda, kwa maoni yangu, hauelewani nao: ute wake unafunika tanini na vyote viwili vinapoa. Lete mlenda na Chenin nyeupe ya hapa hapa, utaona raha nyingine.

Na angalizo moja la mezani, kwa kuwa kila siku naliona likiharibu mvinyo mzuri. Watu husema mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Chumba gani? Cha Dodoma Novemba kina nyuzi 28 na zaidi, na hapo kileo kinaruka puani na kufunika kila kitu. Weka chupa kwenye friji kabla ya kufungua, ishuke hadi nyuzi 16 au 18. Ile kasoro ya joto kooni niliyoitaja juu ilipungua karibu yote nilipofanya hivyo. Kama mvinyo bado mchanga, umimine ndani ya jagi saa moja kabla. Taurasi ilihitaji saa mbili, na kijana wa Hombolo hakukataa kusubiri naye.

Hukumu yangu, basi, kwa mvinyo ambao hata lebo bado hauna: rangi bora kabisa, harufu inayofunguka kadiri unavyongoja, ukakasi wa daraja la juu, uchachu wa kuaminika, kileo kimezidi kidogo, na pipa linahitajika. Kwa mwekundu mkavu wa nyumbani sijaonja unaoupita. Unywe leo na mbuzi choma na utafurahi. Ulaze miaka minne na nadhani utashangaa.

Chupa zikitoka, nunueni sita. Moja fungueni wiki hiyohiyo, muandike mlichoonja. Tano zilazeni gizani, mfungue moja kila Agosti, kila mara na daftari lilelile mkononi. Wenye tembe za familia, msizibomoe. Na fundi wangu wa Hombolo, kama unasoma hapa: mwezi kwenye lebo, kaka. Agosti.